Mke Kwanza, Mimi Baadaye: Mahesabu ya Frank McWorter

Haya ni maneno niliyozungumza mwezi wa Februari mbele ya ndugu zetu wazungumzaji wa Kiswahili huku Moline, Illinois. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Nilichopunguza ni porojo.

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama, shikamooni. Ndugu wa Bukavu na Uvira, jambo. Wa Bujumbura, amahoro. Vijana mliojipanga kule nyuma karibu na mlango, nawaona, na sababu ya kuchagua viti hivyo naijua.

Naanza na swali, ila msinijibu kwa sauti. Tuseme una hela ya kumtoa mtu mmoja. Mmoja tu. Upo wewe, yupo mkeo, wapo watoto wenu. Unaanza na nani? Humu ndani wamo watu waliolala na swali hili miaka mingi. Fomu ya mke, fomu ya mtoto aliyebaki kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ada ya hiki, ada ya kile, na mshahara ni ule ule wa kiwanda cha nyama. Kwa hiyo sihitaji kuwaeleza uzito wake.

Kuna mtu amezikwa kiasi cha saa mbili na nusu kwa gari kutoka hapa, kusini, upande wa mto Mississippi. Alikutana na swali hilo mwaka 1817, akalijibu kwa namna iliyonifanya nisimame mbele yenu leo. Februari kwa Wamarekani ni mwezi wa historia ya watu weusi, na shuleni watoto wetu hufundishwa majina matano au sita, yale yale kila mwaka. Huyu hayumo. Ni jirani yetu, hayumo.

Jina lake Frank. Alizaliwa mwaka 1777 jimbo la South Carolina. Mama yake, Juda, aliletwa kutoka Afrika Magharibi akauzwa huko. Baba yake, kwa imani ya ukoo wenyewe, alikuwa ndiye bwana aliyemmiliki Juda, mtu aliyeitwa George McWhorter. Frank baadaye alilichukua jina hilo, lakini akaliandikisha bila ile “h” ya katikati. Bwana ana “h”, Frank hana. Mimi napenda kuamini kuna maana pale, ingawa inawezekana kabisa ni karani tu aliyekuwa na haraka.

Hapo nisimame kidogo, maana sisi wa pwani tuna kitu cha kulinganisha. Kwetu Unguja na Mombasa mtoto wa suria, baba akishamkiri, alikuwa huru, na alirithi. Sayyid Barghash aliyetawala Zanzibar mama yake alikuwa suria. Sisemi utumwa wa pwani ulikuwa na huruma. Anayesema hivyo aende akaulize waliovushwa kutoka Bagamoyo. Nasema sheria ilikuwa nyingine. Kule South Carolina mtoto alifuata hali ya mama yake, basi. Mama mtumwa, mtoto mtumwa, hata baba akiwa ndiye mwenye shamba. Frank aliandikwa katika mali ya mtu aliyesemwa kuwa ni baba yake. Ishikeni sheria hiyo, ya mtoto kufuata tumbo la mama. Tutaihitaji baada ya dakika chache.

Mwaka 1795, Frank akiwa kijana wa miaka 18, bwana akamhamishia Kentucky, wilaya ya Pulaski. Kentucky ya wakati ule ilikuwa msitu. Wazungu walikuwa wakisukuma mpaka wao kuelekea magharibi, na kazi ya kuusukuma ilikuwa ya shoka: kuangusha miti, kung'oa visiki, kuchoma, kulima kati ya visiki vilivyobaki. Ukisoma vitabu vya mpaka wa Marekani utadhani shoka hizo zilishikwa na wazungu peke yao. Mwaka 1799 akamwoa Lucy, mtumwa wa shamba la jirani. Nimesema akamwoa, lakini mbele ya sheria hapakuwa na ndoa. Mtumwa hakuweza kufunga mkataba wowote, hata wa kupendana.

Baada ya muda bwana akahamia Tennessee na kumwachia Frank shamba la Kentucky alisimamie. Frank akaomba ruhusa ya kujikodisha: afanye kazi za watu, ampelekee bwana sehemu ya mapato, kinachobaki kiwe chake. Kwetu jambo hili si geni. Katika miji ya pwani karne ile ile mtumwa alitoka asubuhi kutafuta kazi ya siku bandarini au kwenye karafuu, jioni akaleta sehemu ya ujira kwa bwana wake. Alikwenda na kijikaratasi, barua ndogo. Ndiyo maana mpaka leo tunasema “nimepata kibarua” bila kufikiri neno hilo lilitoka mkononi mwa nani. Basi Frank alikuwa kibarua.

Sasa niwaambie alichokifanya na saa zake, maana hapo ndipo ninapompendea.

Kentucky imejaa mapango ya mawe ya chokaa, na udongo wa ndani ya mapango hayo una shura. Kwa vijana: shura ni ile chumvi ambayo ukiichanganya na makaa yaliyosagwa na kiberiti, yaani salfa, unapata baruti. Sehemu kubwa ya baruti ni shura, kama robo tatu yake. Namna ya kuipata ni hii. Unaingia pangoni na kurunzi ya mafuta, unachimba udongo, unautoa kwa magunia. Unaujaza kwenye pipa au hori la mbao lenye matundu chini, unamwagia maji, unasubiri. Maji yanachuruzika taratibu yakiwa yamebeba ile chumvi. Unayapitisha kwenye majivu ya kuni. Kisha unayachemsha kwenye masufuria makubwa ya chuma, saa baada ya saa, unachochea kuni, unaengua povu, mpaka yawe mazito. Ukiyaacha yapoe, asubuhi unakuta vijiti vyeupe vimeganda pembeni ya sufuria, kama barafu ya kwenye dirisha. Hiyo ndiyo shura. Macho yanawasha, mikono inababuka. Na hii ilikuwa kazi ya pembeni, baada ya shamba la bwana kumalizika.

Mwaka 1812 Marekani ikaingia vitani na Uingereza. Baruti ikatakiwa, na shura ikawa pesa. Frank, asiyejua kusoma wala kuandika, alikuwa ameanzisha kiwanda chake mahali penyewe na wakati wenyewe. Akaanza kuweka akiba.

Sasa turudi kwenye swali. Ilipofika mwaka 1817 alikuwa na dola 800. Zilitosha kumtoa mtu mmoja.

Akamtoa Lucy.

Hapa watu husema, ah, mapenzi hayo. Na mapenzi yalikuwepo, siwezi kubisha, walikuwa wameshakaa pamoja miaka 18. Lakini kumbukeni ile sheria. Watoto wote aliowazaa Lucy mpaka siku hiyo walikuwa watumwa, kila mmoja ameandikwa katika mali ya mtu, kwa sababu mama yao alikuwa mtumwa. Na mwaka huo Lucy alikuwa mjamzito. Kama Frank angejikomboa mwenyewe kwanza, mtoto yule angezaliwa mtumwa mwenye baba huru, na siku moja angelazimika kununuliwa naye. Kwa kumkomboa mama, alimkomboa na aliyeko tumboni, na kila atakayefuata, bila kuongeza hata senti. Mwaka huo huo akazaliwa Squire, mtoto wao wa kwanza kuzaliwa huru. Baada yake wakaja Commodore na Lucy Ann, huru nao.

Mtu aliyenyimwa shule aliisoma sheria iliyomfunga kuliko walioitunga, akatafuta mahali inapopasuka. Kila nikifika hapa nakosa la kuongeza.

Yeye mwenyewe akabaki mtumwa miaka mingine miwili, mume mtumwa wa mke huru, wanalala nyumba moja. Bwana alikuwa ameshafariki, kwa hiyo mwaka 1819 alijinunua kutoka kwa warithi, dola 800 nyingine. Kama maneno ya ukoo ni ya kweli, basi hebu fikirieni: mtu analipa dola 800 kwa warithi wa baba yake, na yeye ni sehemu ya urithi. Tangu hapo akajulikana kwa jina la Free Frank, Frank Huru. Ilikuwa ni jina, na ilikuwa ni hati ya kutembea nayo mdomoni.

Mnaweza kuuliza, na mzee mmoja aliniuliza juzi: kwa nini alipe? Kwa nini amlipe mwizi ili arudishiwe kilichoibwa? Hata wakati ule walikuwepo wapinga utumwa waliosema kununua mtu, hata kwa nia ya kumwachia, ni kukubali kwamba ana bei. Nikiwa kijana ningewaunga mkono. Sasa nina watoto, na sikubali tena. Mwanao yuko mikononi mwa mtu anayeweza kumuuza kusini kesho asubuhi, wewe una hela mfukoni, halafu uniletee hoja?

Na hebu ona lililotokea kwa mtoto wake mkubwa wa kiume, Frank mdogo. Alizaliwa utumwani, akachoka kusubiri zamu yake, akatoroka mpaka Kanada. Alikuwa salama kule, lakini hakuweza kurudi. Akikanyaga Kentucky anakamatwa. Mwaka 1829 baba yake akakitoa kile kiwanda cha shura, kizima, kikabadilishwa na uhuru wa kijana. Kiwanda kilichomtoa Lucy na kumtoa yeye mwenyewe. Alikuwa na umri wa miaka 52, akabaki na mikono yake tena.

Mwaka uliofuata, 1830, wakafunga mizigo. Walikuwa Frank, Lucy, Frank mdogo na wale watatu waliozaliwa huru. Nyuma, Kentucky, wakawaacha watoto wengine watatu, Judy, Sally na Solomon, pamoja na wajukuu, wote bado watumwa. Hili nawaachia wenyewe. Kuna watu humu wanajua kufunga mzigo kwa namna hiyo, na mimi si mmoja wao.

Wakaja Illinois. Majira ya baridi yale, 1830 kuingia 1831, wazee wa jimbo hili waliyakumbuka mpaka wanakufa. Waliyaita ya theluji nene. Sisi tunaolalamika hapa kwa theluji ya wiki iliyopita, basi tuseme asante kwa gari la chumvi. Ilipofika majira ya kuchipua wakawa wamefika wilaya ya Pike, wakaishi kwenye eneo ambalo baadaye liliitwa Hadley. Walikuwa wa kwanza kujenga pale. Frank alikuwa amenunua eka 160 bila kuziona.

Illinois ilikuwa jimbo huru, lakini neno “huru” hapo lina shimo. Mtu mweusi aliyeingia alitakiwa kuonyesha hati ya uhuru wake, na kwa sheria ya mwaka 1829 aweke na dhamana ya dola 1,000. Hakuruhusiwa kupiga kura, wala kutoa ushahidi mahakamani dhidi ya mzungu. Kwa hiyo kilichovushwa kwenye ule mkokoteni cha thamani kuliko mbegu na sufuria kilikuwa karatasi. Makaratasi, ndugu zangu. Tangu lini tumekuwa tukiyabeba kifuani?

Na niseme jambo jingine ambalo wanaomsifu Frank hulipita haraka. Ardhi ile ilikuwa na wenyewe. Eneo lote kati ya mto Illinois na Mississippi serikali ilikuwa imelitenga kuwapa askari wa vita vile vya 1812, kila mmoja eka 160. Vita vile vile vilivyochoma shura ya Frank. Lakini kabla ya askari, yalikuwa makazi na mawindo ya Wasauk, Wameskwaki, Wakickapoo na wengine, waliosukumwa kidogo kidogo mpaka ng'ambo ya Mississippi. Nyinyi mnaokaa Rock Island, mnakaa Saukenuk, mji mkubwa wa Wasauk. Mwaka 1832, Frank akiwa ndiyo kwanza anavuna mahindi yake, Black Hawk, kiongozi wa Wasauk, alivuka mto na watu wake kurudi kwao, wakaandamwa mpaka wakauawa kwa mamia, wanawake na watoto wakiwemo. Frank hakuhusika na hilo. Lakini mlango aliopitia yeye ni ule ule waliotolewa wengine. Sina la kulipoza, nalitaja tu.

Akalima. Mahindi, ngano, nguruwe, ng'ombe. Mwaka 1835 akarudi Kentucky na dola 550, akarudi na Solomon.

Halafu mwaka 1836 akafanya kilichomwingiza kwenye historia. Akanunua kwa serikali eka 80, dola moja na robo kwa eka, jumla dola 100. Akamwita mpima ardhi wa wilaya. Wakaweka kamba na vigingi, wakachora mitaa, wakakata viwanja 144, kila kimoja futi 60 kwa 120, yaani kama mita 18 kwa 37. Mji akauita Philadelphia. Watu wakauita New Philadelphia. Ramani ikasajiliwa wilayani. Kwa kadiri inavyojulikana, ni mji wa kwanza Marekani kupimwa na kusajiliwa kisheria na mtu mweusi, miaka 25 kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Na mwenye mji alitia saini kwa alama ya X, kwa kuwa hakujua kuandika jina lake.

Miji ya kukisia ilikuwa mingi miaka hiyo. Illinois nzima watu walikuwa wakichora miji kwenye karatasi wakitumaini mfereji au barabara itapita. Mingi ilikufa ikiwa karatasi. Tofauti ya Frank ni kile alichotaka kufanya na hela ya viwanja. Na hili si langu la kubuni: waliomwombea haki zake mwaka 1837 walieleza kwenye maombi yao kwamba ameupima mji ule ili mauzo yake yakawanunue watoto waliobaki utumwani.

Hapa naomba mnivumilie, nimekaa na kalamu. Kwa bei ile ya serikali, dola moja na robo, dola 800 za Lucy zingenunua eka 640. Eka 640 ni maili moja ya mraba kamili. Solomon, eka 440. Ukoo unahesabu kwamba kwa maisha yake yote, pamoja na fedha alizoacha kwenye wosia, watu 16 walitolewa utumwani, na gharama ilifika kama dola 14,000. Wengine husema 15,000. Chukua hiyo ndogo. Ni eka 11,200. Mpaka wa Marekani ulijaa watu waliokuja kutafuta ardhi ili wawe na ardhi. Huyu alikuwa akigeuza ardhi kuwa watu. Kiwanja hiki, mguu wa Sally. Kile pale, mjukuu. Ndiyo maana nikiambiwa Frank alikuwa “mjasiriamali mweusi wa kwanza”, kama wanavyopenda kusema kwenye sherehe, huwa nanyamaza kwa adabu.

Ili kuuza viwanja bila kudhulumiwa alihitaji kuweza kushtaki na kushtakiwa. Bunge la jimbo, lililokuwa likikaa Vandalia, likapitisha sheria mwaka 1837 kumpa jina la Frank McWorter, na haki ya kununua, kuuza, kushtaki na kushtakiwa kwa jina hilo. Mmoja wa wabunge wa bunge hilo alikuwa mwanasheria kijana mrefu, Abraham Lincoln. Na mwaka 1839 Frank na Lucy wakafunga ndoa ya serikali wilayani Pike. Yeye ana miaka 62, wamekaa pamoja miaka 40, wana wajukuu. Akina mama, mnaodaiwa vyeti vya ndoa na ofisi za uhamiaji, chekeni tu, nami nilicheka.

Mji ulikuwaje? Mdogo. Sensa ya 1850 ilihesabu watu 58. Baada ya vita, 1865, walifika kama 160. Kulikuwa na mhunzi, fundi wa magurudumu, fundi viatu, seremala wa samani, duka, na kwa miaka michache posta. Na weusi hawakuwa wengi kuliko weupe. Walikuwa kama theluthi, wakati mwingine pungufu. Wazungu walinunua viwanja kwa mtu aliyezaliwa mtumwa, wakajenga pua kwa pua na weusi. Nisipambe: sheria za jimbo hazikukoma kwenye mpaka wa mji. Ng'ambo ya Mississippi kulikuwa na Hannibal, Missouri, ambako watu waliuzwa hadharani, na wakamata watoro walivuka wakipenda. Ukoo una hadithi za watoro waliofichwa kwa McWorter na vijana wa nyumba ile wakawasindikiza kuelekea Kanada. Frank mdogo njia alikuwa anaijua.

Mzee alifariki Septemba 1854, miaka 77. Alikuwa ameshamleta Sally. Wajukuu walikuwa bado. Kwenye wosia aliagiza mali itumike kuwatoa, na wanawe wakaifuatilia kazi hiyo kwa miaka mitatu, mpaka 1857. Kwa hiyo aliendelea kununua watu akiwa kaburini. Lucy alimzidi umri wa kuishi. Alifika 1870, wakati ambapo hapakuwa tena na mtu wa kununuliwa.

Mji haukumzidi Lucy kwa mengi. Mwaka 1869 reli ya kutoka Hannibal kwenda Naples ilijengwa, na ilipokaribia New Philadelphia ikapinda kuelekea kaskazini, ikauzunguka. Wapo waliochunguza miinuko ya pale wakasema ardhi haikuwa na sababu ya kupindisha reli. Mnaotoka kwenye vijiji vilivyorukwa na barabara ya lami mnajua kinachofuata. Duka linafuata reli, fundi anafuata duka, vijana wanafuata fundi. Mwaka 1885 sehemu kubwa ya mji ilifutwa kwenye ramani, viwanja vikarudi kuwa shamba. Jembe likapita juu ya misingi ya nyumba.

Nilikwenda mwezi wa Oktoba. Unatoka barabara kuu karibu na Barry, unaingia njia za mashambani, mahindi yamevunwa, na unaweza kulipita bila kujua. Nilishuka nikakuta nyasi. Nyasi na upepo na mabango. Ndugu yangu tuliyekuwa naye, mtu wa Uvira, alizunguka kimya, halafu akaniuliza: “Mji uko wapi?” Nikamwonyesha chini. Kuanzia mwaka 2002 wanaakiolojia walitembea pale wakiokota vilivyofukuliwa na jembe, baadaye wakachimba: misingi, mashimo ya kuhifadhia chakula, vipande vya sahani, misumari. Walilinganisha sahani za nyumba za weusi na za weupe, wakakuta hazitofautiani sana. Walikuwa wakinunua vyombo vile vile. Jambo dogo, lakini nilipolisoma niliwaza jirani wawili wa mwaka 1850, kila mmoja anasuuza sahani mlangoni kwake.

Desemba 2022 serikali ya Marekani ililifanya eneo lile kuwa eneo la kihistoria la taifa. Kaburi la Frank liko karibu, upande wa mashariki, kwenye makaburi ya ukoo.

Mwenyekiti ananionyesha saa, na ana haki. Basi la mwisho ni tangazo. Jumamosi ya pili ya mwezi wa tano, mvua ikikubali, tutakwenda tena, magari mawili, labda matatu. Anayetaka amwone katibu pale mezani. Njooni na maji na chakula, hakuna duka. Vaeni viatu vya kufunika na suruali ndefu, maana nyasi zile zina kupe. Na nyinyi wa viti vya nyuma, nitawapa kamba ya futi 60 na nyingine ya futi 120. Mtanipimia kiwanja kimoja, tuweke vijiti kwenye pembe nne, tukae ndani yake tule.